TANGI LA KIOO SI PAMBO LA UKUBWA

Kufuga samaki katika tangi la kioo si kosa. Ni kazi yenye manufaa, ambayo humfunza mtu uvumilivu, humwonyesha mtoto siri za maumbile, na humpumzisha mfanyakazi aliyechoshwa na shughuli za mchana. Lakini kila kazi yenye manufaa huweza kugeuzwa upuuzi ikifanywa kwa ajili ya kuonekana tu. Ndivyo inavyokuwa pale samaki mkubwa wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, anaponunuliwa si kwa sababu mnunuzi anajua kumtunza, bali kwa sababu wageni watakaoingia sebuleni watashangaa.

Ni jambo la kusikitisha kwamba kasumba hiyo ya kujionyesha huwapata hata watu wenye elimu, ambao wangepaswa kuwa mfano kwa wenzao. Mtu anapata cheo, ananunua makochi mapya, ananunua zulia, kisha ananunua samaki. Makochi hayali, wala zulia halipumui. Samaki hula, hupumua, huchafua, huugua na hufa. Hapo ndipo tofauti ilipo, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Anayenunua samaki mkubwa hanunui pambo. Anajitwika dhamana ya uhai kwa muda wa miaka 10 na pengine zaidi.

MTOTO WA SAMAKI SI SAMAKI MDOGO

Matatizo huanzia dukani. Samaki wanaouzwa huko mara nyingi ni watoto. Oska, samaki wa Mto Amazoni mwenye mabaka ya rangi ya machungwa, huuzwa akiwa na urefu wa sentimita 5 au 6. Anapendeza, anamtazama mtu usoni, na hufuata kidole kinachopita nje ya kioo. Akilishwa vizuri, miaka miwili haipiti kabla hajakaribia sentimita 30. Pangasi wa Mto Mekong, ambaye wauzaji humwita papa kwa ajili ya umbo lake, huweza kupita mita 1. Kambare mwenye mkia mwekundu, naye pia wa Amazoni, hupita mita 1 na kufikia uzito wa makumi ya kilo. Wote hao huingia nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki unaobebwa kwa mkono mmoja.

Sasa na ifanywe hesabu ambayo kila mwalimu wa shule ya msingi anaifundisha. Tangi la mtu anayeanza huwa na urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30. Ujazo wake ni lita 54, tena likijazwa mpaka ukingoni. Oska wa sentimita 30 akiwekwa humo, urefu wake unakuwa sawa na upana wa tangi. Hawezi kugeuka bila kujikunja. Ni sawasawa na kumfungia ng'ombe kabatini, kisha kuwaita majirani waje kumtazama.

Hapo hutokea mtu akasema, tena kwa kujiamini, kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi lake, na kwa hiyo akiwekwa katika tangi dogo atabaki mdogo. Maneno hayo yamezeeka, lakini uzee wao haukuyafanya kuwa kweli. Samaki aliyedumaa katika tangi dogo hakujipunguza kwa hiari ili ampendeze mwenye nyumba. Amedumazwa na maji yaliyojaa uchafu wake mwenyewe na kwa kukosa nafasi ya kuogelea. Mara nyingi uti wake wa mgongo hupinda, mapezi yake huoza, na umri wake hukatika kabla ya nusu. Hakuna mwalimu anayeweza kumwona mtoto aliyedumaa kwa njaa akasema kwamba mtoto huyo amejirekebisha kulingana na sufuria ya nyumbani kwao. Kwa nini basi hoja hiyo ikubaliwe kwa samaki?

MAJI NDIYO NYUMBA, NDIYO HEWA

Wengi hudhani kwamba maji yakionekana safi basi ni safi. Huo ni ujinga unaoua samaki wengi kuliko maradhi. Samaki hutoa uchafu wake majini, na sehemu kubwa hutoka kwa njia ya matamvua ikiwa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Katika ziwa au mto sumu hiyo husambaa katika maji mengi na kupotea. Katika tangi haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wanaoishi kwenye chujio na kwenye changarawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo ikiwa haijazidi. Bakteria hao hawanunuliwi pamoja na kioo. Huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Kwa hiyo mtu anayenunua tangi Jumamosi asubuhi na kutia samaki wakubwa Jumamosi jioni ameandaa mazishi.

Naitreti nayo huondolewa kwa kubadilisha maji, na hapa ndipo fahari inapokutana na ndoo. Tangi linalowafaa samaki wakubwa wachache, lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 60, huchukua lita 648. Maji hayo peke yake yana uzito wa karibu kilo 650, bila kuhesabu kioo, mawe na meza. Robo yake inayopaswa kubadilishwa kila wiki ni lita 162, yaani ndoo nane za lita 20. Katika mtaa ambao akina mama hupanga foleni bombani tangu alfajiri, mwenye tangi hilo hana budi kujiuliza ndoo hizo nane atazitoa wapi, na nani atazibeba. Asipojiuliza yeye, msichana wa kazi ndiye atakayelijibu swali hilo kwa mabega yake.

Maji ya bomba yana klorini, ambayo huwafaa binadamu lakini huchoma matamvua na kuua bakteria wa chujio. Yapasa yaachwe wazi usiku na mchana kabla ya kutiwa tangini, au yatiwe dawa ya kuiondoa. Na yale yanayotolewa yasimwagwe ovyo. Yana naitreti, nayo naitreti ni mbolea. Yakimwagiwa bustani ya mchicha, mboga hustawi. Mfugaji asiyetia dawa wala chumvi katika tangi lake, lakini akayamwaga maji hayo barabarani, ametupa mali mara mbili.

Umeme nao una neno lake. Maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba oksijeni kidogo, kiasi cha miligramu 8 tu katika lita moja, na kadiri joto linavyopanda ndivyo oksijeni inavyopungua. Samaki mkubwa huimaliza upesi. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, pampu husimama, samaki huja juu kuhema, na bakteria waliomo ndani ya chujio huanza kufa kwa kukosa hewa. Umeme unaporudi, chujio humwaga uozo huo tangini. Asubuhi mwenye nyumba humlaumu muuza samaki. Ingalikuwa vyema angaliweka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri kabla ya kununua samaki wa tatu. Kwa upande wa nyanda za juu, kama Njombe na Mbeya, ambako miezi ya Juni na Julai ni ya baridi kali, kifaa cha kupashia maji joto ni cha lazima, kwa kuwa samaki hao huhitaji nyuzi 24 hadi 28.

ZIWA TANGANYIKA HALITIWI MFUKONI

Wapo wanaojitetea kwamba wao hawafugi samaki wa kigeni. Wanafuga samaki wa nchi yao. Nia hiyo ni nzuri, lakini nia peke yake haichuji maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470 mahali penye kina kuliko pote. Duniani ni Ziwa Baikal peke yake lililo na kina zaidi. Ndani yake wamo samaki wa jamii ya sikilidi aina 200 na zaidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Humo yumo kuhe, ambaye watu wa Kigoma wanamjua kwa utamu wake mezani na ambaye ni mkubwa kuliko sikilidi wote wa Afrika. Yumo pia frontosa, samaki mwenye mistari myeusi na kinundu cha kipaji, anayependwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Mtaalamu Boulenger alimweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi mwaka 1906.

Frontosa dume hupita sentimita 30. Hukua polepole, huishi kwa makundi, na jike hulea mayai na vifaranga ndani ya kinywa chake kwa wiki kadhaa bila kula chakula cha maana. Huishi katika miamba, mara nyingi kwenye kina cha makumi ya mita. Mvuvi akimtoa kwenye kina cha mita 30 na kumleta juu kwa haraka, hewa iliyo katika kibofu chake hupanuka karibu mara nne, na samaki hufura mpaka kufa. Wavuvi wenye ujuzi humpandisha kwa hatua, wakimpumzisha njiani. Asiye na ujuzi hupandisha maiti.

Isitoshe, maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana hali ya magadi, kipimo chake cha pH kikikaribia 9. Jambo hilo lina hatari ambayo wafugaji wengi hawaijui. Amonia ile ile huwa sumu kali zaidi kadiri pH inavyopanda. Katika maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya kuua haifiki 1 katika 100. Katika maji ya pH 9, sehemu hiyo hupita 30 katika 100. Kwa hiyo anayemfuga samaki wa Tanganyika kwa uzembe humuua upesi kuliko anayemfuga oska kwa uzembe huo huo. Samaki wa nyumbani hadai uangalizi mdogo; anadai mkubwa zaidi. Uzalendo usiojua kipimo cha maji ni uzalendo wa mdomoni.

MAJI YAKIMWAGIKA HAYAZOLEKI

Mpaka hapa pengine mtu atasema: samaki ni wake, tangi ni lake, hasara ni yake. Laiti mambo yangeishia hapo. Samaki akishakuwa mkubwa kupita tangi, mwenye huruma ya uongo humtia ndoo na kwenda kumwachilia mtoni au bwawani, akirudi nyumbani amefurahi kwamba amempa uhuru. Kitendo hicho ndicho hasa kinachostahili kupigwa vita. Mto si mali ya mtu mmoja.

Huko Florida, nchini Marekani, oska waliotoka katika mikono ya wafugaji wamekuwa wenyeji wa mifereji. Samaki wa jamii ya kambare wenye mdomo wa kunyonya na ngozi ngumu kama ngao, wanaonunuliwa ili walambe ukoga wa matangi, wamezaliana katika mito ya nchi nyingi za joto, wakichimba mashimo kwenye kingo na kuzibomoa. Hakuna aliyekusudia. Kila mmoja aliachilia samaki wake mmoja tu.

Afrika ya Mashariki haina haja ya kwenda Florida kujifunza. Katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria. Hakutoka katika tangi la mtu. Aliletwa kwa makusudi na watu walioamini kwamba wanajua wanachokifanya. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa. Ni kweli kwamba alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, wala haifai kuuficha ukweli huo. Lakini ni kweli vilevile kwamba furu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao walikuwa kitoweo cha wananchi wa kando ya ziwa, walipukutika, na aina nyingi hazijaonekana tena, ingawa baadhi zilianza kurudi katika miaka ya 1990. Baadhi ya aina za furu zimehifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Huo ni ushahidi wa pande mbili: tangi mikononi mwa mwenye elimu huweza kuwa safina, na mikononi mwa mzembe huweza kuwa chanzo cha gharika.

Tena kuna gugu maji. Mmea huo wa Amerika ya Kusini ulitembezwa duniani kwa sababu moja tu, nayo ni ua lake zuri la rangi ya zambarau lililopamba mabwawa ya bustani za wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 ulifunika ghuba, ukazuia mitumbwi, ukaziba njia za vivuko. Ni wananchi waliolipa gharama ya pambo hilo, si wale waliolipenda.

WANAODHARAU JAMBO HILI

Watakuwapo watakaocheka na kusema kwamba taifa lina mambo makubwa zaidi, kama madawati, dawa na barabara, na kwamba kuzungumza juu ya samaki wa sebuleni ni kupoteza wino. Hao wajibiwe kwa adabu lakini bila kusita. Sangara hakuonekana kuwa jambo kubwa siku alipotiwa ziwani. Gugu maji halikuonekana kuwa jambo kubwa lilipokuwa ua katika bustani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hujengwa kwa fedha zile zile za madawati, dawa na barabara.

Wengine watasema kwamba haya ni kumwonea wivu mwenye nacho. Hapana. Mwenye nafasi ya tangi la lita 648, mwenye maji ya uhakika, mwenye pampu ya akiba na mwenye nia ya kumtunza samaki kwa miaka 10, na afuge, na apewe heshima yake. Ila yule ambaye hana hata moja katika hayo asijifiche nyuma ya kioo.

WAJIBU WA MTUMISHI NA MWALIMU

Mtumishi wa umma anayetaka tangi katika ukumbi wa kupokelea wananchi aanze kwa kuuliza ni nani atakayelihudumia siku za sikukuu, na fedha za umeme na chakula zitatoka katika fungu gani. Kama jibu halipo, chungu cha maua kinatosha. Wananchi wanaokuja kutafuta huduma wasikalishwe mbele ya samaki anayehema juu ya maji ya kijani. Wataelewa upesi kwamba ofisi isiyoweza kumhudumia samaki mmoja haitawahudumia wao.

Mwalimu ana kazi kubwa zaidi. Tangu mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, imesemwa mara nyingi kwamba shule ifundishe kwa vitendo na kwa vitu vilivyo katika mazingira ya mtoto. Tangi la darasani ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini lisiwe la samaki wakubwa. Katika Ziwa Tanganyika wamo sikilidi wadogo wasiofikia sentimita 6, ambao hufanya nyumba zao ndani ya makombe matupu ya konokono, hulinda mipaka yao na kulea watoto wao mbele ya macho ya mtazamaji. Kwao tangi la lita 54 linatosha. Wanafunzi watapima joto, watapima pH, watahesabu lita na ndoo, watamwagilia mchicha kwa maji yanayotolewa. Hapo wamejifunza hesabu, sayansi na kilimo kwa mara moja. Nayo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa mwaka 1980 na yenye vituo Mwanza, Kigoma na Kyela, si siri. Mwalimu anaweza kuuliza huko.

Na yule ambaye tayari ana samaki aliyemshinda, asione haya. Amrudishe dukani, au ampe mwenye tangi kubwa, au amwone afisa uvuvi wa wilaya yake. Akikosa yote hayo, ni afadhali samaki huyo afe kwa mkono wa mtu mmoja kuliko mto mzima ufe kwa ajili yake. Neno hilo ni gumu, lakini ni la haki.

Kinachodaiwa si kwamba watu waache kupenda samaki. Kinachodaiwa ni kwamba upendo huo uwe na kipimo cha maji, uwe na nafasi, uwe na subira, na usivuke mlango wa nyumba kwenda kuharibu mto wa wote. Maziwa haya yalikuwapo kabla ya kila cheo, na yatahitajiwa na watoto ambao bado hawajazaliwa. Ukubwa wa mtu haupimwi kwa samaki aliyemfungia sebuleni. Hupimwa kwa uaminifu wake katika kutunza kile alichokabidhiwa, kiwe ni faili, kiwe ni darasa, kiwe ni ziwa.